Aliyewasha Moto wa Kilimani

Vero mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi kutoka Maisaka kwa shangazi yako. Hapa naingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Nikianza na salamu nitazunguka, na nikizunguka utafika nyumbani nikiwa bado naandika habari za baridi ya Australia.

Mambo ya safari siyagusi. Koti, dawa, nakala za pasi, namba za kupiga ukikwama, yote mama yako ameshayasema, na mengine ameyasema mara mbili. Kesho asubuhi basi la Arusha, jioni ndege. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu ulipokuwa darasa la sita.

Wiki mbili zilizopita ulikaa hapa sebuleni ukatusomea yale maandishi uliyoombea nafasi ya masomo Australia. Ulikuwa unatafsiri sentensi moja moja kutoka Kiingereza, mama yako anachambua maharage kwenye sinia. Ulisoma kwamba ukiwa na miaka kumi na miwili uliona kilima kilicho nyuma ya shamba letu kule Bagara kikiungua siku mbili. Kwamba moto ule uliwashwa na mrina asali mmoja aliyeacha kimwenge chake cha kufukizia nyuki kikiwa bado na cheche. Kwamba tangu siku ile ulitaka kujua kwa nini watu wanawasha moto wasioweza kuuzima. Ukatuambia aya ile ndiyo iliyowagusa wale waliokuchagua, ndiyo unayokwenda kuifanyia utafiti. Mama yako akapiga kigelegele. Mimi nikainuka, nikasema naenda kufungia kuku. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka. Hakuna mtu anayefungia kuku saa kumi.

Vero, moto ule niliuwasha mimi.

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi tatu kabla ya hii, nikazichana zote. Hii siichani.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Majirani wote walikuwa wameshasafisha mashamba wakisubiri mvua, langu peke yake lilikuwa limejaa mabua na nyasi hadi kiunoni. Watu wakipita njiani walikuwa wananitania: "Baba Vero, mwaka huu unalima nyasi?" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Siku mbili nikalima kinga moto, ule ukanda wa udongo mtupu unaozuia moto usitoke shambani. Nikalima upande wa barabara, upande wa jirani na upande wa nyumba. Upande wa kilima niliuacha. Mgongo ulikuwa unauma, na nikajiambia kule hakuna nyumba ya mtu.

Mama yako aliniambia nisubiri jioni upepo ulale, na niite watu wawili watatu wakae na matawi mabichi. Aliniambia pia kwamba ruhusa ya kuchoma inaombwa kwa mtendaji, na kwamba mimi sijaiomba. Nikamjibu kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka: "Mimi nimezaliwa Mbulu, nimechoma mashamba kabla hujajua jembe." Akaingia jikoni.

Nikawasha saa saba mchana. Naijua saa kwa sababu kengele ya chakula ya shuleni kwenu ilikuwa imetoka kulia.

Moto ulianza vizuri. Ulikuwa mdogo, unatembea kama mtu anayefagia. Nilisimama nimeegemea jembe, nikajiona fundi. Halafu kisulisuli kikatoka upande wa ziwa. Hakikuwa kikubwa, ni kile cha vumbi ambacho nyie watoto mlizoea kukikimbilia. Kikapita katikati ya shamba, kikanyanyua mabua yanayowaka, kikayazungusha juu ya kichwa changu, kikayaweka kwenye nyasi za kilimani. Kikaondoka. Sidhani kama kilimaliza dakika moja.

Nilikimbia. Nilipiga kwa shati, nilipiga kwa miguu, nikaunguza suruali. Moto ukaniacha ukapanda. Mwaka wa kwanza chuoni ulirudi likizo ukanifundisha kwamba moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu unakausha kilicho juu yake kabla haujakifikia. Uliichora kwa kalamu kwenye daftari. Nikaitikia, "Ahaa, kumbe," kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Nilivyoona siuwezi, nilifanya kitu ambacho ningependa usikijue. Nilirudi shambani nikauzima moto wangu. Nikafukia majivu upande ule wa kilima, nikalima kwa pupa ukanda wa kinga moto ambao sikuwa nimeulima, ili mtu akija aone kwamba shamba langu lilizungushiwa pande zote nne, moto wake haukutoka. Kilima kinalia juu yangu, mimi nalima. Nilipomaliza ndipo nikapiga mayowe: "Moto! Moto jamani!"

Watu walikuja. Na wewe ulikuja na ndoo, maji yamemwagika nusu njiani. Nilikuona.

Huyo mrina asali ni mzee Boay. Sijui kama unamkumbuka vizuri, mrefu, mpole, alikuwa anapita na kutuachia asali kwenye kopo. Asubuhi ile alipanda kwenye mizinga yake akiwa na kimwenge, wengi walimwona. Jioni akashuka mikono yote miwili imeungua, ya kushoto ngozi inaning'inia. Alikuwa peke yake huko juu, akiukata moto kwa panga na kuupiga kwa matawi ili usifike kwenye chemchemi. Lakini watu hawakuona hilo. Waliona mtu aliyekwenda na kimwenge akirudi na mikono iliyoungua.

Moto ulipokufa siku ya pili, tuliitwa mkutano kwenye darasa la shule. Mzee Boay alikaa mbele, mikono imefungwa vitambaa. Akasema moshi aliuona ukitokea chini, si kwake. Wengine wakaguna. Ndipo mwenyekiti wa wakati ule akanigeukia. "Baba Vero, shamba lako ndilo la karibu. Wewe uliona nini?"

Nikasimama. Nikasema, "Asubuhi nilimwona mzee Boay akipanda na kimwenge chake. Kilikuwa kinatoa moshi."

Nikakaa.

Kila neno lilikuwa kweli, Vero. Nimejiliwaza kwa hilo miaka kumi na minne, kwamba sikusema uongo. Baada ya maneno yangu hakuna aliyeuliza tena. Wakampiga marufuku kukanyaga kilimani. Mizinga yake ilikuwa imeshaungua yote. Mvua zilipokuja, kilima kikiwa uchi, maji yalishuka na tope na majivu, chemchemi ikazibwa, na kina mama wakaanza kwenda mbali kuchota. Kila ndoo iliyobebwa ilimwongezea Boay lawama. Kabla ya Pasaka alihamisha familia, akaenda kuishi karibu na dada yake upande wa Dareda.

Na wewe jioni ya mkutano uliniuliza. Tulikuwa tunakula. "Baba, nani aliwasha?"

Nikakujibu, "Wanasema ni mzee Boay."

Sijui kama unaikumbuka jioni ile. Mimi nilipokusikia unasoma aya yako hapa sebuleni, nililitambua neno langu. Umelisafirisha mbali sana. Limepita shule, limepita chuo, limeandikwa kwa Kiingereza, sasa linataka kupanda ndege.

Mwaka uliofuata tukahamia hapa Nangara. Nilikuambia ni kwa ajili ya sekondari yako, usitembee mbali. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kufungua dirisha la jikoni bila kukiona kilima.

Mama yako alijua. Usimkasirikie zaidi ya mimi. Aliniona nikilima ule ukanda wa nne. Jioni ile aliniambia neno moja tu, "Paskali," nikamwomba anyamaze, akanyamaza kwa ajili yako. Ulipomaliza kusoma maandishi yako tuligombana kama hatujawahi kugombana. Nikasema lazima nikuambie. Akasema, "Umenyamaza miaka yote, leo mtoto amepata nafasi ndiyo umekumbuka kusema kweli? Unataka usafi wako kwa gharama yake?" Inawezekana ana haki.

Lakini Alhamisi iliyopita niliwaambia naenda Dareda kutafuta mbegu ya maharage. Sikwenda kutafuta mbegu.

Nilimkuta mzee Boay uani kwake anapura mbaazi kwa fimbo. Vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki tena, fimbo anaibana kwa kiganja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee Boay."

"Marahaba. Ni Baba Vero huyu? Karibu, karibu. Umezeeka, bwana!"

Akanipa kigoda. Akakuulizia. Nikamwambia unasafiri kwenda nje kusomea moto wa nyika, namna ya kuuzuia na namna watu wanavyosimama tena baada ya maafa. Akaitazama mikono yake. "Vizuri. Asome sana. Mimi niliwaharibia watu kilima kwa ujinga."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikasema, "Mzee, nimekuja kwa hilo hilo."

"Lilishapita. Niliungama kwa padri miaka hiyo hiyo. Kwanza nilikataa, unakumbuka. Kimwenge nilikizima, nakumbuka nilikikanyaga. Lakini cheche ni cheche. Nilikaa hapa nikawaza na kuwaza, nikaona watu wote hawawezi kukosea, mimi peke yangu nipatie. Nikaacha nyuki kabisa. Hata asali nikiletewa, sili."

Vero, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa anipige na ile fimbo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba msamaha. Hili sikulijua, kwamba mzigo wangu aliubeba akaamini ni wake.

Nikasema, "Siyo wewe. Ni mimi. Nilikuwa nachoma mabua."

Fimbo ikasimama.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa saba."

"Una hakika ni saa saba?"

"Kengele ya chakula ilikuwa imelia shuleni."

Akaanza kuhesabu kwenye vidole vile visivyokunjika. "Kimwenge nilikizima kabla ya saa tano. Nikashuka chemchemi, nikanywa maji. Nikajilaza. Nikaamshwa na moshi." Akahesabu tena tangu mwanzo. "Moshi ulitoka chini. Nilisema pale mkutanoni kwamba ulitoka chini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Halafu ukasimama wewe."

"Nikasimama mimi."

Mke wake akachungulia mlangoni akauliza kama atuletee chai. Akamjibu bila kugeuka, "Chai bado." Kisha akaniita kwa jina langu, si Baba Vero. "Paskali. Watoto wangu wamesoma wakiitwa watoto wa mchoma kilima. Huyu mama akienda kusali jumuiya, wakiomba mvua, anaona wanamtazama yeye." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nenda sasa. Sikufukuzi. Nataka nimwambie mke wangu mwenyewe, na sitaki uwepo."

Yale maneno ya msamaha niliyoyapanga hayakupata pa kukaa. Nikainuka. Nilipofika kwenye njia akanifuata nyuma, bado ameshika fimbo. "Pale ulipolisemea neno lako," akasema, "ukalitengue pale pale."

Jumatatu nikaenda Bagara kwa mwenyekiti wa mtaa wa sasa. Ni kijana, wakati ule hakuwepo. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amezima simu. Akasema, "Mzee wangu, jambo hili lina sheria. Mimi mkutano naweza kuuitisha, lakini mbele ya hapo siwezi kukuahidi kitu." Ameuitisha Jumamosi saa nne, shuleni. Mzee Boay amepelekewa taarifa. Amejibu kwamba atakuja, na mke wake atakuja. Baada ya hapo sijui. Huenda nikapelekwa kwa mtendaji, huenda nikapelekwa mbele zaidi. Naogopa, siwezi kukuficha. Usiku silali, na mchana nikisikia pikipiki ikisimama nje nakimbilia dirishani kuchungulia.

Maandishi yako ni yako. Sitakuambia uwaandikie wale watu leo, au ukifika, au usiwaandikie. Nilishakuwekea neno moja mdomoni, sitaki kukuwekea la pili. Nakupa tu kilichotokea na saa kilipotokea. Inawezekana wakikijua watakuona mkweli, inawezekana wataona nafasi umeipata kwa hadithi isiyo ya kweli. Mimi ndiye niliyekuingiza hapo, na jambo hili linaniuma kuliko mkutano wa Jumamosi.

Ila kuna kitu kimoja nakijua kuhusu kazi unayokwendea, na hakimo kwenye vitabu vyako. Utakwenda kwa wakulima, huko na baadaye huku kwetu, uwaulize moto ulianzaje. Mtu kama mimi ndiye atakayekukaribisha vizuri kuliko wote. Atakupa kiti, atakuonyesha kinga moto yake imezunguka pande zote nne. Ukimuuliza nani aliwasha, atakutajia jina, na kila neno atakalosema litakuwa kweli. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza saa. Hakuna aliyeniuliza siku ile nilikuwa naona aibu ya nini, au nilikuwa na haraka ya kwenda wapi. Boay, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliuliza "saa ngapi" na ukweli wote ukatoka. Na ukimkuta mtu amekaa mbele na mikono imefungwa vitambaa, kijiji kizima kinamtazama, msikilize yeye mara mbili. Angalau mara mbili.

Usiwadharau wanaochoma, Vero. Mara nyingi si wajinga. Mimi sikuwa mjinga, mama yako alikuwa ameniambia yote. Nilikuwa mtu aliyechekwa njiani. Na baadaye nilikuwa baba ambaye mtoto wake amekuja na ndoo, nikaona siwezi kuwa huyo aliyewasha mbele ya macho yako. Kila mwaka uliopita uliongeza ugumu. Ulipochagua kusomea moto nilijua siku hii inakuja. Nilikuwa naiombea ije nikiwa nimekufa. Hayo nayo ni maombi niliyoyaomba kweli, kanisani, nimepiga magoti karibu yako.

Jana mama yako alisema, "Basi kama ni lazima, andika. Weka kwenye sanduku lake chini ya nguo. Akifika huko ataisoma, atakuwa ameshafika. Ukimwambia leo, kesho hapandi basi." Nikakubali. Nililala nimekubali. Leo baada ya chakula nimeingia chumbani kwako, nimefungua sanduku, nimenyanyua masweta. Nikajiona, mzee mzima nimepiga magoti, nafukia kitu ili mtu asikione hadi niwe nimepona. Nikayarudisha masweta. Nikatoka na karatasi zangu nikaja hapa mezani kumalizia.

Kwa hiyo nitakupa mkononi. Ukitaka kunifokea, nipo. Ukitaka kuuliza, uliza lolote, hata yale ambayo sikuyaandika. Ukitaka kukaa kimya hadi basi litakapoondoka, nitabeba sanduku lako hadi stendi kimya kimya. Na ukisema husafiri, tutakaa chini watatu tuzungumze, ingawa mimi ningependa usafiri. Ningependa sana.

Geti limelia. Nakusikia uani, unamsimulia mama yako jambo alilosema shangazi, unacheka. Mama yako hacheki. Sasa umemuuliza ana nini.

Nakuja.

Baba yako,
Paskali